Siku moja maishani mwangu: mchora hekaya za wanyama

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Mbagala. Saa moja na nusu nafungua banda langu Oysterbay, si mbali na Morogoro Stores, eneo ambalo mwishoni mwa miaka ya 1960 Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Nafagia, nakunywa chai, napaka rangi ya nyuma kwenye turubai tatu na kuzianika.

Wengi wakisikia ni Tingatinga, mtindo uliopewa jina lake, hudhani tunarudia tembo na twiga kwa ajili ya watalii. Mimi nachora hekaya. Kabla ya kushika brashi naisoma hadithi mara nne, mara tano, nikitafuta tukio moja linaloibeba yote. Mkono hauchoki kama kichwa.

Saa nne na nusu akaja mama mwenye shule ya chekechea, na binti yake mdogo. Ameagiza picha ya Kima na Papa, na ameshalipa nusu.

"Fundi, mbona umechora papa? Kitabuni kwangu ni mamba."

Nikamweleza. Katika Panchatantra, kitabu cha kale cha ngano za Uhindi, ni mamba kweli. Ilipoingia Kiarabu, katika kitabu cha Kalila na Dimna, akawa kasa. Hadithi ilipofika pwani yetu ikakuta bahari, na Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyechapisha ngano za Unguja mwaka 1870 aliikuta tayari na papa. Watoto wa Dar wanamwona papa sokoni Feri. Akakubali, nikadhani tumemaliza.

"Sasa mioyo iko wapi? Kima anamwambia papa kwamba kima huiacha mioyo yao mtini. Nataka mioyo myekundu, imening'inia kwenye mkuyu."

Hapo tulikaa zaidi ya saa nzima. Mama, nikamwambia, kima anadanganya. Yuko katikati ya maji, mgongoni mwa papa, ameambiwa sultani wa huko anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Hana silaha ila ulimi. Nikining'iniza mioyo mtini nimeufanya uongo wake kuwa kweli, na ujanja wote umekufa. Akasema watoto wadogo hawaelewi bila kuona. Nikasema wanaelewa. Akasema yeye ndiye mwalimu. Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli, na pesa ni zake.

Binti akasogea kwenye turubai. "Moyo wake uko wapi?"

"Unafikiri uko wapi?"

Akaweka kiganja kifuani mwake. Mama aliona, lakini hakulegea: mioyo, au nimrudishie fedha zake. Nikamwomba anipe hadi jioni.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Jua lilikuwa limeingia bandani, tapentaini inaniumiza kichwa, watu wawili wameuliza bei na kuondoka. Nilimfuta kima usoni mara tatu. Rangi ya mafuta haisamehe: ukiigusa kabla haijakauka inavuta, ukisubiri siku imeisha. Mwishowe nikampa jicho moja linaloutazama mkuyu na jingine linalomchungulia papa, na mkono mmoja ukibana kifua kana kwamba anajikuna. Mkuyuni nikaweka kuyu nyekundu, nyingi, za mviringo. Anayetaka kuona mioyo ataiona. Anayeijua hadithi atajua ni matunda.

Nikaipiga picha turubai kwa simu na kumtumia mama. Hadi magharibi alikuwa ameiona na hajajibu. Iliniuma, maana jicho lile ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu, akiichukua au asiichukue.

Nikaigeuzia picha ukutani isipate vumbi, nikaosha brashi. Kwenye turubai ya pili nikachora kwa chaki masikio marefu ya punda wa dobi, yule ambaye kima anamsimulia papa kisa chake akiwa salama juu ya mti. Simba amemkwaruza mara moja, na sungura amekuja kumwita tena kwa simba. Nataka kumchora wakati huo, anapoinua mguu kumfuata.

Daladala ya kurudi nilisimama hadi Mbagala.