Ndege Wako Yuko Shingoni

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu.

Jumatatu asubuhi nilipita dukani kwa mama mdogo, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Anauza khanga. Mteja wake wa kwanza alikuwa dada mmoja aliyefunua doti moja baada ya nyingine, akasoma majina yote, akauliza bei, kisha akaondoka mikono mitupu. Hajafika hata kona, mama mdogo keshachota maji ya chumvi, anayamwaga kizingitini. "Huyu kanitia gundu, mwanangu. Leo siuzi." Akaketi kwenye kigoda, kajiinamia. Wateja wawili wakachungulia, wakamwona alivyonuna, wakapita zao.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima.

Wazee wetu wa pwani, safari ikianza vizuri, husema ni ndege njema. Ikianza kwa mikosi, ndege mbaya. Sikilizeni lugha ilivyo makini: hawasemi ndege mwema, maana hapa ndege si kiumbe tena, ni ishara. Lakini mwanzo alikuwa kiumbe kweli. Kabla ya Uislamu, Mwarabu akitaka kusafiri alimtimua ndege. Akirukia kulia, alikwenda. Akirukia kushoto, alirudi nyumbani. Kwa Kiarabu ndege ni tayr, na humo ndimo lilimotoka neno tiyara, kuamini mikosi. Warumi nao walitazama ndege kabla ya kuingia vitani. Sisi tumebaki na bundi: akilia juu ya bati usiku, nyumba nzima hailali.

Sasa fungueni Qur'ani, muone neno hilohilo linavyogeuzwa. Katika sura ya Yasin, aya ya 18 na 19, watu wa mji wanawaambia wajumbe wa Mungu kwamba wamepata mkosi kwa sababu yao. Wajumbe wanawajibu: ndege wenu mnaye wenyewe. Thamud walimwambia Nabii Swaleh maneno kama hayo, na watu wa Firauni kila wakipatwa na shida walisema ni nuhusi ya Musa. Kisha ipo Al-Israa, aya ya 13: kila mwanadamu tumemfungia ndege wake shingoni. Wafasiri wanasema ndege huyo ni amali zake. Aya hii nimeisoma miaka mingi bila kushtuka. Wiki hii nimeshtuka. Mara ngapi nimemtafuta ndege wangu juu ya paa, au kwenye uso wa mtu niliyekutana naye alfajiri?

Mtume (s.a.w.) aliikataa tiyara waziwazi, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Lakini hapohapo alisema kwamba fali inampendeza. Alipoulizwa fali ni nini, akasema: neno jema. Siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, Waislamu walipokuwa wakitafuta mapatano na Makuraishi wa Makka, mazungumzo yakiwa magumu, Makuraishi walimtuma Suhayl bin Amr. Mtume alipomwona akawaambia maswahaba kuwa jambo lao sasa limesahilika. Sisi Waswahili hapo hatuhitaji mkalimani, kwani jina Suhayl lina shina moja na sahali, yaani rahisi, na hilo ni neno letu. Jina zuri lilimfurahisha, naye akaendelea na kazi iliyokuwa mbele yake. Hakulitegemea jina hilo hata kidogo.

Na aliyeahirisha haja yake kwa kuogopa mkosi? Katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, huyo ameingia katika shirki, yaani kumshirikisha Mungu, na kafara yake ni kusema: Allahumma laa khayra illaa khayruk, walaa tayra illaa tayruk, walaa ilaaha ghayruk. Ewe Mola, hakuna kheri ila kheri yako, hakuna ndege ila ndege wako, wala hakuna mungu asiyekuwa wewe. Nimeiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mama mdogo ameibandika karibu na mkeka wake wa kuswalia.

Sijawaambia siku ile iliendaje. Kama saa nne hivi akapita mzee mmoja anasukuma mkokoteni, jasho linamtiririka. Akasimama kivulini mlangoni kupumzika, akamtazama mama mdogo, akasema, "Mama, Mungu akufungulie riziki." Hakununua kitu, na yeye pia. Mama mdogo akaitikia amina, akainuka, akaanza kukunja zile doti zilizofunuliwa na yule dada.