Isipokuwa Mtumishi wa Nyumbani

Usiku wa Jumapili. Mama mzee ninayemtunza amelala, kengele yake nimeiacha karibu na mkono kama kawaida, nami nimeshuka chumbani kwangu. Hapa Chicago tunakiita besimenti: ukuta wa mawe, kidirisha kimoja usawa wa nyasi, bomba la maji moto linalopita juu ya kitanda. Huu ni mwaka wa tatu nalala humu na sijawahi kukichukia. Lakini tangu Jumanne, kila nikizima taa nakiona kwa jicho jingine.

Jumanne bintiye mama mzee alikuja na bahasha kubwa ya kaki, akamwaga karatasi za nyumba juu ya meza ya kulia chakula. Wanataka kuiuza ili mama ahamie kwenye makao ya wazee, na aliniomba nimsaidie kuzipanga kwa miaka. Stakabadhi za kodi ya ardhi, bima, ramani ya kiwanja, na mkopo aliopewa babake mama mzee mwaka 1946 aliporudi kutoka vitani. Chini kabisa kulikuwa na karatasi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ya mwaka 1928. Mkataba wa majirani. Nilisoma mistari miwili nikarudi mwanzo. Ulisema hakuna sehemu ya kiwanja hiki itakayotumiwa wala kukaliwa na Mweusi, isipokuwa awe mfagizi, dereva au mtumishi wa nyumbani aliyeajiriwa hapo, na huyo akae chini ya nyumba, au kwenye banda au gereji ya nyuma. Mkataba ulieleza hata Mweusi ni nani: yeyote mwenye sehemu moja kati ya nane ya damu hiyo au zaidi. Yaani mzazi mmoja wa babu yako anatosha.

Bintiye alinichungulia begani, akaona ninachosoma, uso ukamwiva. "Karatasi ya zamani hiyo," akasema, "siku hizi haina maana yoyote." Ni kweli. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mikataba kama hiyo haiwezi kutekelezwa na mahakama yoyote, na sheria ya makazi ya 1968 ikaiharamisha kabisa. Nikaiweka pale pa mwaka wake, tukaendelea.

Usiku ule sikulala. Guka wangu, yaani babu yangu, alikuwa mpishi wa mlowezi karibu na Naivasha, kwetu Kenya. Alipika ndani ya nyumba kubwa, akalala banda la nyuma, kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kikining'inia shingoni. Ndiyo maana maneno ya karatasi ile hayakuwa mageni kwangu. Nilikuwa nimeyasikia nyumbani kabla sijajua Chicago iko wapi.

Maktaba ya mtaa ilikuwa imenipa tamthilia ya Lorraine Hansberry, *A Raisin in the Sun*, na tangu Jumanne nimeisoma mara mbili. Ni familia ya Weusi wa hapa hapa Chicago. Baba amefariki, bima yake imetoa dola 10,000, na mama anatoa malipo ya kwanza ya nyumba ndogo katika mtaa wa Wazungu. Kabla hawajahama anakuja mgeni, Karl Lindner, ametumwa na chama cha wakazi. Natamani kila mtu amsome mtu huyu. Hana tusi hata moja. Ana kofia mkononi, ana adabu, anaomba watu waketi wazungumze kama majirani wema. Anasema ubaguzi hauhusiki kabisa. Kisha anawaeleza kwamba majirani wamechanga pesa za kuinunua nyumba ile, walipwe zaidi ya walichotoa, mradi tu wasihamie.

Mara ya kwanza nilimchukia Lindner. Mara ya pili nilimwogopa, kwa sababu niliona haigizi wema, kwa macho yake yeye ni mtu mwema kweli. Mwandishi hakumpa pembe za shetani. Alimpa mkoba na karatasi.

Na Hansberry alijua anachoandika. Mwaka 1937 babake alinunua jengo la matofali namba 6140 South Rhodes Avenue, eneo lililofungwa kwa mkataba wa namna ile ile. Lorraine alikuwa na miaka saba. Umati ulikusanyika nje, jiwe likarushwa likakaribia kumpata, na mamake akawa anazunguka nyumba usiku na bastola huku baba akihangaika huko Washington na kesi ya majirani waliotaka atolewe. Mwaka 1940 baba alishinda, lakini ushindi wenyewe ulikuwa mwembamba. Mahakama ilisema tu kwamba hukumu ya kesi ya awali kuhusu mkataba ule haikumfunga yeye. Mikataba yenyewe ikaachwa isimame. Miaka sita baadaye alifariki Mexico. Bintiye akaandika tamthilia, ikapanda jukwaani Broadway, New York, Machi 1959, ya kwanza ya mwanamke Mweusi kufika pale.

Kuna mahali nilisimamisha kusoma nikaweka kitabu kifuani. Walter, mwana wa ile familia, dereva wa tajiri, amelewa, amepanda juu ya meza anahutubia mashujaa wa Afrika, na anamtaja Kenyatta kuwa mtu wake. Machi 1959 Mzee alikuwa bado kifungoni huko Turkana. Dereva wa Chicago analia na mfungwa wa kwetu, na mimi nayasoma hayo nikiwa chini ya ardhi katika nyumba ya watu. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Mama mzee hajawahi kunikosea. Hula nami meza moja, hunishika mkono nikimsafisha vidonda vya mguu, huniuliza habari za wanangu kwa majina yao. Na nyumba hii ndiyo iliyomlea, ikamsomesha, na sasa itamlipia makao ya wazee na kuwaachia wajukuu kitu. Babake hakuiba. Alipigana vita, akapewa mkopo wa askari chini ya sheria ya 1944, akalipa kila mwezi. Ila Weusi nao walipigana vita hiyo hiyo. Huko Mississippi, mwaka 1947, uchunguzi wa mikopo 3,229 ya askari ulikuta miwili tu imekwenda kwa Weusi. Kwangu mimi, upendeleo ndio huu. Mlango ulikuwa wazi, akapita, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa wengine ulikuwa umefungwa. Wala hakuhitaji kuuliza. Kufikia 2022, familia ya kati ya Wazungu nchini humu ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya Weusi dola 44,900. Mkataba umekufa, nyumba zimebaki kwa waliozipata.

Jana nilimwonyesha dada anayenipokea zamu Jumamosi picha ya karatasi ile kwenye simu. Yeye ni Mmarekani Mweusi, amezaliwa North Lawndale, mtaa wa hapa Chicago. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaendelea kukunja shuka. Baadaye, tukinywa chai, akaniambia habari za bibi yake. Benki zilikuwa haziwakopeshi, kwa hiyo bibi alinunua nyumba kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo moja kwa moja kwa muuzaji, bei ikiwa imepandishwa, na hati ikibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Ukichelewa mwezi mmoja, unatolewa na ulichokwisha lipa kinapotea. Wengi North Lawndale walinunua hivyo, na mwaka 1968 waliungana kugoma kulipa. Bibi hakufika huko. Aliugua, akakosa malipo, akatolewa na watoto wanne.

"Stakabadhi alizitunza," dada akasema. "Mama anazo hadi leo, kwenye boksi la viatu, zimefungwa kwa utepe mwaka kwa mwaka."

Nilimuuliza kama naweza kuziona. Amesema Jumamosi ijayo, nikitoka zamu, nipitie kwao.