Laptopu imeshika Wi-Fi, intaneti hakuna

Nyumba iko Kondele, Kisumu. Simu zote zinapata intaneti, laptopu ya Windows 10 pekee ndiyo imekwama. Simu zikiwa sawa, usiguse ruta; anza na laptopu.

Nilifungua cmd (dirisha la kuandikia amri) nikaandika ipconfig /all, amri inayoonyesha anwani za mtandao za laptopu. Anwani ikianza na 169.254, ujue laptopu haikupewa namba na ruta. Hii ilikuwa na 192.168.1.23, haina shida. Kisha nikatumia ping, amri ya kupima kama kifaa kingine kinajibu: ping 192.168.1.1 (ruta) ilijibu, ping 8.8.8.8 (seva ya Google huko intaneti) ikajibu pia, ila ping google.com ikagoma. Hapo mshukiwa ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Na kweli, kwenye majibu ya ipconfig /all, mstari wa DNS Servers, palikuwa na 10.0.0.5, anwani ya seva ya ofisini iliyoandikwa kwa mkono. Nyumbani seva hiyo haifikiki.

Kurekebisha: bonyeza Windows+R, andika ncpa.cpl, bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Internet Protocol Version 4, uchague "Obtain DNS server address automatically". Malizia kwa kuandika ipconfig /flushdns kwenye cmd, kufuta kumbukumbu za zamani za DNS. Kurasa zilifunguka papo hapo. Kupiga Windows upya, jambo ambalo mafundi wengi hukimbilia, ni hasara tupu hapa.

Laptopu ikirudi ofisini na mifumo ya ndani ikikataa kufunguka, rudisha ile 10.0.0.5.