Kisu changu cha kwanza, na haya mashoto yangu

Juzi binti yangu kaniuliza, baba, hiki kisu chako mbona kimetobolewa? Nikamwambia tundu ni la kufungulia, akaridhika akaenda zake, mimi nikabaki nafungua nafunga, nafungua nafunga, mpaka mama yake akasema basi jamani.

Siku ya kukinunua wala sikukiendea hiki. Nilishajiamulia zamani, nimesoma mpaka macho yanauma: ugumu wa chuma kwenye kipimo cha Rockwell uwe 58 mpaka 60, loki iwe laina loki, yaani kibati cha ndani ya mpini kinachozuia bapa lisijifunge, ile aliyoiboresha fundi visu Michael Walker miaka ya 1980, ncha iwe ya tanto, ile iliyokatwa kwa pembe, bapa jeusi tii, nusu makali ya kawaida nusu meno ya msumeno. Yaani kisu cha kitaktiki haswa. Kazi yenyewe ya kitaktiki sikuwa nayo, ila hilo tuliweke pembeni. Jamaa yangu niliyeongozana naye alikuwa anakitaka hichohicho.

Mzee muuzaji akakitoa, nikakipokea kwa kushoto, nikasukuma kwa dole gumba, tak, kimefunguka. Raha! Sasa nataka kukifunga, mzee akanishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu, kanishika tu. "Subiri kwanza kijana. Wewe mashoto?" Nikasema ndiyo mzee. Akaniambia nitazame vidole vyangu, visiende popote, nitazame tu, na kweli nikaona: kile kibati cha ndani kinachoshikilia bapa kimewekwa kisukumwe na dole gumba la mkono wa kulia, kwangu mimi dole gumba liko upande wa pili kabisa halina kazi, kidole cha shahada ndicho kimejikunja kinakitafuta kibati, na pale kilipo ndipo bapa linapopita likirudi. Jamaa yangu kimya. Mimi mwenyewe kimya. Mzee akakichukua taratibu, akakifunga yeye, akachomoa kingine, Delica ya kampuni ya Spyderco, mpini wa kijivu, bapa halifiki hata sentimita 8, na mgongoni lina nundu yenye tundu la duara. Jamaa akacheka, akasema hicho si kisu, ni kasuku.

"Fumba macho ufungue," mzee akasema.

Nikafumba. Dole gumba likaingia kwenye tundu lenyewe bila kutafuta, nikasikia tak, nzito kidogo kuliko ile ya kwanza. Loki yake iko mgongoni mwa mpini, unabonyeza kwa mkono wowote, na klipu ya kukishikiza mfukoni unafungua skrubu unaihamishia upande unaotaka. Hii kampuni ndiyo ilitoa kisu chenye klipu na tundu la duara toka mwaka 1981, nilishasoma hilo, ila nilikuwa nimelisoma kama mtu wa mkono wa kulia.

Nikakilipia hicho. Jamaa akachukua kile cheusi.

Toka siku hiyo changu kimefungua maboksi, kimekata kamba, kimechonga penseli za watoto, basi. Nakinoa mwenyewe kwenye jiwe la kawaida. Cha jamaa yale meno yanataka kifimbo maalumu cha kunolea na yeye hanoi, lakini ukimpa kamba nene anakuacha mbali, tusidanganyane.

Kinachonisumbua ni kwamba mwaka jana nilikiazima hicho chake, nikakifunga kwa kushoto, pole pole, kidole cha shahada kikavuta kibati vizuri tu, nikarudia, nikaona mbona rahisi. Na nimekutana na mashoto wenzangu wanaoapa kwamba laina loki inawafaa wao kuliko hata watu wa kulia. Kwa hiyo sijui yule mzee aliniokoa kidole, au aliniuzia tu kasuku aliyekuwa amekaa sana dukani bila mnunuzi.