Saa Nne Asubuhi ya Marekani

Kabla simu za kupangusa hazijaiua biashara ile, nilikuwa nasimamia kafe ya intaneti mitaa ya nyuma ya soko, Mtwara mjini. Mashine nane, feni mbili, printa moja yenye kiburi, na daftari la mapato ambalo bosi alilikagua kila usiku kwa macho ya hakimu. Daftari halikuwa na majina. Niliandika namba ya mashine, saa ya kuingia, saa ya kutoka na fedha iliyolipwa. Kwa wateja wa kila mara niliongeza alama pembeni, ili nijue nani ana deni na nani ananidai chenji: "Ch." kwa vijana wa chuo, "Mw." kwa mwalimu mmoja mstaafu kutoka Tandahimba aliyekuwa akija mjini kufuatilia mafao yake.

Ninayoyasimulia yalitokea Mei 2012, na chanzo chake ni korosho, kama mambo mengi ya kule kwetu. Stakabadhi ghalani ilikuwa na miaka michache tu tangu ianze Mtwara mwaka 2007. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unapelekwa ghala kuu, yeye anapewa stakabadhi na malipo ya kwanza. Yanayobaki yanasubiri mnada. Kati ya mnada na mfuko wa mkulima kuna kitu kinaitwa makato: ushuru, usafiri, magunia, ghala, chama. Asiye na subira aliuza kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mfumo huo, usiku, kwa bei ya kutupa, akanunua unga. Mwenye subira alikaa anahesabu siku za malipo ya pili, na siku alipoyapata alikuta makato yameongezeka mstari mmoja ambao hakuna aliyeuelewa.

Kuhusu mstari huo, mtu fulani aliandika barua pepe. Akaituma kwa viongozi wa chama kimoja cha msingi, nakala ofisi za juu yao, akaweka na kiambatisho chenye hesabu. Jina alilojiandikia lilikuwa la kubuni, la mkulima aliyechoka.

Katibu wa chama hicho alikuja kafe asubuhi moja akiwa na mpwa wake, kijana wa kompyuta kutoka Dar es Salaam. Katibu alivaa koti licha ya joto la Mtwara.

"Kijana, wewe ndiye mwenye hapa?"

"Shikamoo mzee. Mwenyewe yuko Magomeni, mimi ni msimamizi."

"Marahaba. Kuna mtu kakaa humu ndani akaandika matusi. Tunamtaka."

Mpwa hakusema kitu. Alitandaza karatasi mezani, na nilipoiona nikamkumbuka: siku iliyotangulia alikuwa amekuja peke yake, akalipia nusu saa, akakaa dakika chache na kuondoka bila kudai chenji. Sasa nilielewa alichokuja kufanya, na sifa yake nampa hadi leo.

Barua pepe ina sehemu ambayo wengi hawaifungui. Juu ya maneno unayoyasoma kuna mistari ambayo kila seva iliyoupitisha ujumbe huandika, kama posta za njiani zinavyogonga mihuri kwenye bahasha. Kila seva huweka mstari wake juu ya wa mwenzake, kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Jina la mtumaji ndilo jambo dhaifu kuliko yote hapo. Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati mtandao wenyewe ulikuwa wa vyuo na maabara za watu waliojuana, na hazikumtaka mtumaji athibitishe kwamba jina analojiita ni lake. Mihuri ya seva ni jambo jingine. Hata hiyo mtu mjanja anaweza kughushi ile ya chini kabisa, lakini muhuri uliogongwa na seva unayoiamini ni vigumu kuupinga.

Aliyeandika alitumia Yahoo, na Yahoo ya miaka ile iliandika kwenye mstari wa chini anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho ya mtandao, ya mahali mtumaji alipofungulia kivinjari. Angetumia Gmail, mpwa angeishia kwenye seva za Google, kwa kuwa Gmail haikuonyesha namba hiyo kwa mtu anayetumia kivinjari. Google yenyewe huijua, lakini Google haiulizwi na katibu wa chama cha msingi.

Mpwa aliipata namba, akaitafuta, akajibiwa kwamba ni ya kampuni ya simu, mji: Dar es Salaam. Hapo wengi wangekata tamaa au, vibaya zaidi, wangeanza kumshuku ndugu yao aliyeko Dar. Yeye alijua kwamba jibu lile linaeleza zaidi kampuni imesajiliwa wapi kuliko mteja amekaa wapi. Basi akazunguka kafe za Mtwara mjini, ambazo hazikuwa nyingi. Kila moja alilipa, akajitumia barua pepe, akafungua mistari ile na kulinganisha namba. Kwetu zikalingana. Bosi alikuwa amelipia anwani ya kudumu, isiyobadilika ukizima na kuwasha modemu, na alijisifia nayo kwa wateja kama mtu mwenye gari jipya.

"Kaka, imetoka hapa," mpwa aliniambia, kwa upole tu. "Tarehe ni hii, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Tunaomba daftari."

Nikamwambia daftari ni la bosi. Katibu akataja polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao haikuwapo bado, ilikuja mwaka 2015. Lakini ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ilikuwapo tangu 2010, nayo ilimtaka mtoa huduma atunze siri za mteja. Hayo nayajua sasa. Siku ile nilichojua ni kwamba bosi akisikia neno polisi angefunga duka na kuniachia funguo. Nikampigia. Akasema, "Waonyeshe, waondoke." Nikafungua daftari.

Kidole cha katibu kilishuka taratibu kwenye ukurasa. Asubuhi ile wateja walikuwa wachache. Mashine namba tatu, saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu, shilingi zake, na pembeni: "Mw."

"Mwalimu!" Katibu alipiga meza. "Nilisema mimi. Nilisema tangu siku ya kwanza!"

Ikabainika kwamba mwalimu wangu wa mafao alikuwa mwanachama wao, na kwenye mkutano mkuu alisimama akauliza ule mstari wa makato ni wa nini. Kwa katibu kesi ilikuwa imekwisha. Mpwa naye alikuwa tayari anakunja karatasi.

Niliomba niitazame tena. Saa ilikuwa imeandikwa kama alivyosema, 10:12. Baada yake kulikuwa na alama ya kutoa na tarakimu nne: -0700. Sisi wa kafe tulizikuta mara nyingi, hasa kwa wateja waliolalamika kwamba barua imefika kabla ya kutumwa. Ile ni saa ya pwani ya magharibi ya Marekani wakati wa kiangazi, saa saba nyuma ya Greenwich. Sisi tuko saa tatu mbele. Ni tofauti ya saa kumi nzima.

"Hii ni saa nne asubuhi ya Marekani," nikamwambia mpwa. "Hapa ilikuwa saa mbili na dakika kumi na mbili usiku."

Alinitazama, akatazama karatasi, kisha akaketi kwenye kiti cha mteja bila kukaribishwa. Kijana aliyekuwa na akili ya kuzunguka mji mzima akilinganisha namba alikuwa amezipita tarakimu nne zilizokuwa mbele ya macho yake. Hakubisha. Akamgeukia mjomba wake, akamweleza.

Katibu alihitaji muda. Hoja iliyomshinda haikuwa ya Greenwich, ilikuwa ya basi. Basi la Tandahimba lilikuwa likiondoka mchana, na mwalimu hakuwahi kulala mjini. Alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wa mwalimu walijulikana kijiji kizima. Saa mbili usiku mwalimu alikuwa kwake, na pengine katibu mwenyewe alimwona.

Basi tukafungua ukurasa wa jioni. Wiki ile vijana walikuwa wakisaka matokeo ya kidato cha sita, na usiku ule mashine zote nane zilijaa, wengine wakisubiri wamesimama nyuma ya viti. Ukurasa ulikuwa mweusi kwa namba. Kwa dunia ya nje mashine zetu nane zilikuwa mashine moja: zote zilitoka kwa anwani ileile, na kifaa chetu cha bei rahisi hakikuweka kumbukumbu ya ipi ilikwenda wapi. Mpwa aliuliza kama anaweza kuangalia historia za vivinjari. Nikamwonyesha Deep Freeze, programu iliyorudisha kila mashine katika hali ya awali kila ilipowashwa upya. Tuliiweka kwa ajili ya virusi vya flashi. Siku ile ilifuta na mengine.

Kulikuwa na jambo moja nililoliona nikanyamaza. Karatasi ilionyesha kwamba kiambatisho kilikuwa faili la Word. Faili la Word hubeba ndani yake jina lililosajiliwa kwenye kompyuta lilikoandikiwa. Nilikuwa nimeona barua za maombi ya kazi ambazo mwombaji alinakili kwa rafiki yake, akabadilisha kila kitu, na ndani ya sifa za faili jina la rafiki likabaki limekaa vilevile. Aliyeficha jina lake kwenye barua huenda alilipeleka mwenyewe kwenye kiambatisho. Mpwa hakuuliza, na kumfundisha haikuwa kazi yangu. Na nani aliandika? Dhana yangu ninayo, na nitabaki nayo.

Mwezi Novemba mwaka uleule redio zilitangaza kwamba David Petraeus, mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, amejiuzulu. Nilisikiliza habari ile kwa makini kuliko majirani zangu walivyodhani inastahili. FBI walikuwa wamefuatilia barua pepe za vitisho zisizo na jina, zilizotumwa kutoka mitandao ya mahali mbalimbali zikiwemo hoteli. Wakalinganisha mahali na tarehe na nani alikuwa amelala wapi, mpaka majina yakabaki machache na moja likajirudia: Paula Broadwell, mwandishi wa wasifu wa Petraeus aliyekuwa na uhusiano naye wa siri. Ni kazi ya mpwa yule yule, ila wao walikuwa na madaftari ya hoteli yenye majina. Mwandishi wetu alituma mara moja tu, kutoka mahali pamoja, katika umati. Sidhani kama alipanga hivyo. Nadhani alikuja jioni kwa sababu mchana alikuwa kazini.

Bosi, kwa hofu yake, alitaka tuanze kuandika majina na namba za vitambulisho. Tulijaribu. Wateja wakaandika majina ya wachezaji wa Simba na Yanga, nami nikaandika hivyohivyo, na daftari likarudi kuwa la fedha tu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilikuja kuagiza hayo yote kisheria: rejista ya wateja, kitambulisho, kamera, kumbukumbu zitunzwe miezi kumi na miwili. Wakati huo chumba chetu kilikuwa tayari kinauza vipuri vya pikipiki, na mtu mwenye lalamiko analo mfukoni mwake chombo chenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake.

Mwalimu alikuja baada ya wiki kadhaa, na bahasha yake ya mafao kwapani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia mimi ni mwandishi wa usiku."

Habari ilikuwa imemfikia yote, pamoja na sehemu ya ng'ombe. Sikujua kama amekasirika au anafurahi. Alivuta kiti mashine namba tatu akaniambia nimfungulie ukurasa wa kuandika, kwa sababu macho yake hayakuona vizuri herufi ndogo. Akanisomea kutoka kwenye karatasi aliyoandika kwa mkono, mwandiko wa ubaoni: jina lake kamili, kijiji, namba ya uanachama, kilo alizopeleka, namba ya stakabadhi, fedha aliyopokea, fedha aliyotarajia, na swali lilelile la mkutanoni. Nakala kwa Mrajisi wa Vyama vya Ushirika. Nikamweleza kwamba hata hii itaonyesha namba ya kafe yetu.

"Iache ionyeshe. Na simu yangu weka."

Tukatuma. Safari yake iliyofuata mjini aliniomba niangalie kama amejibiwa. Kulikuwa na matangazo tu. Akafikiri kidogo, akaniambia nimprintie barua ile nakala tatu. Moja ataipeleka mwenyewe kwa mkono hadi ofisi ya katibu, na hataondoka mpaka nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.