Kutoka Weißenfels hadi bonde la Tagewerben

Treni ya Leipzig ilitushusha Weißenfels, Ujerumani, kando ya mto Saale, tukashika njia ya kaskazini kwa miguu hadi Reichardtswerben. Anayetaka kumjua Friedrich Wilhelm von Seydlitz, jenerali wa wapanda farasi wa Prusia, dola ya zamani ya Kijerumani, aanzie hapa, asianzie Kalkar alikozaliwa mwaka 1721. Avae buti tu, maana Novemba udongo wa mashamba haya hunasa mguu.

Kijijini kuna onyesho la pigano la Rossbach, alimopigana Seydlitz, askari wadogo wa bati wamepangwa safu kwa safu. Ulizia kwanza siku za kufunguliwa. Kisha panda Janushügel. Wanakiita kilima, lakini ni mwinuko tu. Mtu anaweza kuupita asijue. Ila shuka upande wa kaskazini, uchuchumae: uwanda wa kusini hauonekani tena. Hapo nyuma ndipo Seydlitz, mwenye miaka 36, alipopitisha skwadroni 38, yaani vikosi vidogo vya wapanda farasi, tarehe 5 Novemba 1757. Mfalme Frederick wa Prusia alikuwa amemweka juu ya majenerali waliomtangulia kwa cheo. Wafaransa na wenzao, takriban 41,000 dhidi ya 22,000, walidhani Waprusia wanakimbia, wakaharakisha bila kutanguliza wapelelezi wa kutosha. Saa tisa unusu alasiri farasi wakawatokea juu ya mwinuko, kwa shoti.

Wengi huishia hapo. Sisi tuliendelea kusini-mashariki hadi Tagewerben, kwenye bonde dogo, na kwa maoni yangu ndipo penye ustadi wenyewe. Farasi wakishashambulia, safu huvunjika: wengine hufukuza wanaokimbia, wengine hupora mizigo, na jenerali hubaki na tarumbeta lisilosikilizwa. Vikosi vingi vya zama zile viliponea hapo au vikafia hapo. Seydlitz aliwakusanya watu wake bondeni humu, akapanga safu upya, akangoja. Mizinga 18 na vikosi saba tu vya miguu vilipoyumbisha safu za adui kwa mbele, yeye akaingia ubavuni na nyuma. Alijeruhiwa, lakini Waprusia hawakupoteza hata watu 600, kati ya waliouawa na waliojeruhiwa. Upande wa pili takriban 10,000, wakiwemo maelfu ya mateka.

Jua lilituzamia saa kumi na nusu. Siku ile nayo lilizama mapema, na giza ndilo lililowaokoa waliobaki. Kutoka bondeni hadi stesheni ni karibu kuliko njia ya asubuhi.