Kidogo

Siku tano zimepita tangu Jumamosi, na neno moja bado linanizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani. Nimelipuuza, halikuondoka. Nimelicheka, limenicheka zaidi. Acha niliandike, huenda likachoka.

Mzee Darubini mnamjua. Ndiye aliyenifundisha kumtazama farasi masikio kabla ya miguu, ndiye niliyemwandika siku ile alipokataa kuketi kwa sababu kiti kilikuwa kinaangalia jua. Jumamosi alikuwepo uwanjani kwenye mbio za farasi, na Shangazi wa Kofia, na wale vijana wawili ambao kila wiki wanaapa kuwa hawabeti tena. Mimi nilifika nimechelewa, macho mazito, kwa kuwa dada yangu alikuwa amejifungua alfajiri ile, mapacha kama mlivyobashiri, na ofisini nako wametuunganisha na idara ya juu. Hayo nitayaeleza siku nyingine.

Sasa mbio za nne. Farasi kumi na mmoja, na namba 3 ndiye aliyekuwa mdomoni mwa kila mtu. Mimi nikamtaka namba 7.

Sikumwokota hewani. Ni kweli alikuwa ameshindwa mara tatu mfululizo, na watu wengi wakiona hivyo hufunga karatasi ya mbio. Lakini hizi zilikuwa mbio za kusawazishiwa uzito: farasi mwenye rekodi nzuri hubebeshwa kilo zaidi, anayeshindwa hupunguziwa, ili wote wapate matumaini. Kila aliposhindwa, saba alizidi kuwa mwepesi. Tena mara zote tatu udongo ulikuwa mkavu kama tofali, na ushindi wake wote wa nyuma ulikuwa kwenye udongo uliolowa. Alhamisi ilikuwa imenyesha. Halafu, na hili ndilo lililonimaliza kabisa, ndani ya zile mbio kulikuwa na farasi watatu wasiojua kukimbia ila mbele. Watatu wa namna hiyo wakikutana huuana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna anayekubali kumwachia mwenzake, na wakiingia mita za mwisho pumzi zimekwisha. Namba 3 alikuwa mmoja wao. Saba hukaa nyuma akisubiri.

Nilimwona pia akizungushwa kabla ya mbio. Masikio mbele, jasho hana, anatembea kama mtu aliyelala vizuri. Nikarudi kwa wenzangu nikawaambia bila kumung'unya maneno: wekeni saba. Shangazi wa Kofia akauliza, “Una hakika, mwanangu?” Nikajibu kwamba nisipokuwa na hakika na huyu basi niache kabisa kuja. Niliyasema hayo. Kwa sauti.

Wakaenda, wakaweka, wakarudi. Mimi nikaenda mwisho. Foleni ilikuwa ndefu, na kila aliyefika dirishani mbele yangu alisema tatu. Tatu. Tatu. Mwanamume mwenye shati la mistari, tatu. Mama aliyebeba mtoto, tatu, na mtoto akarudia tatu. Nikaanza kuhesabu upya kichwani. Je, kama mvua ya Alhamisi ilishakauka? Je, kama wale watu wote wanajua kitu nisichokijua? Nilipofika dirishani, nilisikia sauti yangu ikisema tatu.

Hapo ndipo mnaponikuta.

Mbio zenyewe zilikwenda kama nilivyozisema, kana kwamba farasi walisoma karatasi yangu. Wale watatu wakachomana, kwenye kona ya mwisho tatu akaanza kuyumba, na saba akapita nje yao wote akashinda kwa urefu wa farasi wawili na zaidi. Shangazi alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Vijana walinibeba juujuu, wakaniita profesa. Tiketi ya namba 3 ilikuwa mkobani, naihisi kama kaa la moto.

Mzee Darubini hakushangilia. Alisubiri kelele zitulie, akanisogelea.

“Umeona mbali, mwanangu. Na wewe mwenyewe, ulimwekea?”

“Nilimwekea, mzee.”

Akaninyamazia. Si kwa ukali. Aliniangalia tu kama anavyomwangalia farasi anayechechemea kidogo na mwenyewe hajui.

“Kidogo,” nikaongeza.

“Kidogo,” akasema. Kisha akatoa kitambaa akafuta vioo vya darubini, ambavyo vilikuwa safi.

Basi. Ndiyo hayo tu. Mtu mwingine angeyasahau kabla ya mbio za tano.

Mimi nimeyarudia kwenye daladala ya mawazo yangu asubuhi na jioni. Kwa nini niliongeza lile neno? Uongo wa kwanza ulikuwa umesimama vizuri peke yake, hakuna aliyeusukuma. Ningekaa kimya, ungepita. Lakini nilitaka uongo wangu uwe na adabu, usijisifu, nao ukajikwaa hapo hapo. Na yeye aliporudia, alirudia vipi? Nimelijaribu mbele ya kioo. Kidogo, kwa kuniamini. Kidogo, kwa kunihurumia. Kidogo, kama mtu anayepokea chenji akajua imepungua, lakini hataki kumwaibisha muuzaji. Nadhani ni hiyo ya tatu. Jumapili nilikuwa na uhakika ni ya pili.

Jumatatu jibu la maana likanijia, likiwa limechelewa siku mbili. Pale kwetu pesa zote zinaingia chungu kimoja, waendeshaji wanachukua sehemu yao, kinachobaki kinagawanywa kwa walioshinda. Kwa hiyo kila anayeongezeka upande wa mshindi anawapunguzia wenzake. Ningesema, “Mzee, sikuweka, niliwaachia nyinyi mgawane vizuri.” Wangecheka wote. Naye angecheka, na tiketi ya namba 3 ingetoka mkobani ikachanwa hadharani, mambo yakaisha. Badala yake nimebaki na hesabu sahihi isiyo na wa kumwambia.

Jumanne nikajitafutia mashahidi. Nilikumbuka Grand National ya 1967, mbio za kuruka viunzi pale Aintree, Uingereza, na farasi aliyeitwa Foinavon. Alianza kwa 100 kwa 1, yaani hakuna aliyemtegemea, wala mwenye farasi wala mkufunzi wake. Mkufunzi siku hiyo alikuwa kiwanja kingine kabisa na farasi mwingine, na mwenye mali naye hakwenda. Kama wao hawakumwamini wa kwao, mimi ni nani? Nilitulia kwa kama saa moja. Halafu sauti ya Mzee Darubini ikasema: ndiyo, ila wao hawakuzunguka wakiwaambia watu wamwekee.

Kweli. Na kosa liko hapo, silizungushi tena. Kutabiri bila dau ni kuongea tu, nami nimekuwa nikiongea muda mrefu, nikipokea asante za watu kwa ujasiri ambao kumbe ulikuwa wao.

Lakini jana usiku, katika kumtafuta huyo Foinavon ili nijitetee, niliitazama tena picha ya mbio zile, na nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hamjaiona? Farasi 44 walianza. Kwenye kiunzi cha 23, kimojawapo cha vile vifupi, farasi aliyekuwa amemwangusha mpandaji wake anakata njia mbele ya wenzake waliotangulia. Mmoja anasimama ghafla, wa nyuma anamgonga, wapandaji wanarushwa upande wa pili bila farasi wao, wengine wanageuka na kurudi walikotoka, ni sokomoko tupu. Na nyuma sana anakuja Foinavon, amevaa kidoto. Si kile cha ngamia wa kinu kinachoziba macho yote, ni kile kinachoziba pembeni ili farasi aone mbele tu. Mpandaji wake, John Buckingham, amechelewa kiasi kwamba ana muda wa kutafuta upenyo. Anaupata. Anaruka. Upande wa pili hakuna anayekimbia. Anatazama mbele, hakuna mtu! Kipenzi cha wabashiri, Honey End, alijikusanya akamfukuza, asimpate. Kile kiunzi leo kinaitwa Foinavon.

Kilichonichekesha ni kwamba hakuna mchanganuzi yeyote, hata Mzee Darubini mwenyewe, ambaye angeiona ile kwenye karatasi. Na mimi Jumamosi niliiona. Sio ajali, sio bahati ya upenyo. Niliiona mvua, nikauona uzito, nikawaona wale watatu wakichomana kabla hata hawajafunguliwa milango. Sijui kwa nini siku tano zote nilisahau kulifurahia hilo. Nimerudia pia ile kona ya mwisho kwenye simu ya kijana mmoja, aliyenitumia akiandika “profesa”. Saba anatoka nyuma kama anachungulia sokoni, halafu anaamua. Nimeitazama mara sita. Mara ya saba, kwa heshima yake.

Mnakumbuka nilishawahi kuwaandikia habari za Secretariat, yule farasi wa Marekani, kwenye mbio za Belmont za 1973, aliyeshinda kwa urefu wa farasi 31? Tiketi ya dola 2 ililipa dola 2.20, na tiketi 5,617 za ushindi hazikurudishwa kulipwa. Watu walizihifadhi. Ndicho ninachokitaka, nadhani. Pesa ya saba ningekuwa nimeshaitumia. Ile karatasi ningekuwa nayo, kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, yenye namba 7. Nina yenye namba 3. Sijaitupa.

Jumamosi hii nitakwenda mapema, nitampa Mzee Darubini shikamoo yake, nitaona. Pengine nitamwambia, pengine nitaweka tu mbele yake, yeye akiwa nyuma yangu kwenye foleni, nikitaja namba kwa sauti. Utabiri wa mvua ni wa Ijumaa, kwa hiyo karatasi ninaipitia tena leo.

Nilikuwa ninaipitia, maana nimeiweka chini. Saa tatu dada alipiga simu. Anasikika amechoka, pacha mmoja analia nyuma kwa nguvu, mwingine simsikii. Nikamuuliza yule mdogo kama ananyonya.

“Ananyonya,” akasema. Akanyamaza. “Kidogo.”

Sasa ni saa tano na nusu, huenda wamelala. Simu naiogopa kuipiga, na siwezi kuiweka mbali.